Picha Iliyoitwa Barua

Pale Manundu, mjini Korogwe, ukiipita stendi kuelekea upande wa reli, kuna benchi ambalo hakuna fundi aliyelitengeneza. Ni taruma la mbao, lile gogo la kubebea reli, lililolazwa juu ya matofali sita, na aliyelileta kutoka Mnyuzi ni Filemoni, mstaafu wa reli, ambaye mpaka leo hajasema alilipataje. Mbele yake Athuman huweka jiko la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Kazi ya mahali hapa ni moja tu, kubishana, na sheria ni moja pia: swali likishawekwa, hakuna kunyanyuka mpaka lipate jibu au birika likauke. Miaka ya kisa hiki mashamba ya mkonge yalikuwa yamekwisha kupata wawekezaji, mitumba imemwagika hadi barabarani, na mjini pamefunguliwa duka la kwanza la intaneti, kwa hiyo maswali hayakuwa haba. Watu wa Korogwe ni watu wa kujua mambo. Wasipojua, wanajua hivyohivyo.

Ijumaa moja, saa saba na nusu mchana, alifika Ernesti. Benchi zima linamwita Masjala, kwa sababu ndiye karani wa masjala wa shamba moja la mkonge huko Ngombezi, na amekuwa karani kwa miaka thelathini na moja. Suruali ya kaki imepigwa pasi, mfukoni kalamu tatu, bluu, nyeusi na nyekundu, na kwapani rejista ya barua zinazotoka. Alitandika kitambaa juu ya taruma kabla ya kukaa. Siku nyingine angesalimia kwanza.

– Athuman, nipe kahawa chungu.

– Wamekataa tena? aliuliza Filemoni.

– Wamekataa.

– Noma, alisema Habakuki, muuza mitumba, ambaye kwa jina la benchi ni Profesa. Mara ya ngapi hii?

– Ya tatu. Na leo saa kumi jioni wanafunga.

Wote walijua wanaofunga ni akina nani na wanafunga nini, maana jambo hili lilikuwa limenywewa kahawa wiki nzima. Kule shambani korona ilikuwa imesimama. Korona ni ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na gia yake mpya, iliyotoka Ulaya, ilipasuka kabla haijamaliza miezi mitatu. Waliouza walikubali kuleta nyingine, mradi waone picha ya ufa. Malalamiko ya Ernesti waliyapa namba, wenyewe wanaita tiketi: 4417. Akatuma barua na picha. Wakajibu kwamba barua wameisoma, lakini kiambatisho hakifunguki, atume upya. Akatuma upya. Hakifunguki. Mara hii wakaongeza kuwa picha isipoonekana ifikapo Ijumaa saa kumi, tiketi inafungwa. Akatuma mara ya tatu, na jibu likawa lilelile.

Majani yaliyokatwa Jumatatu yalikuwa yameanza kunuka. Kambini watu walikaa vibarazani kutwa wakitazamana. Na asubuhi hiyo Meneja alikuwa amemwambia Ernesti, kwa sauti ya upole iliyomuuma kuliko kufokewa, kwamba tiketi ikifungwa hivihivi basi mawasiliano yote yatahamia ofisi ya Tanga. Hakusema meza ya Ernesti itakwenda wapi. Walipouza shamba walipunguza makarani saba, wakabakiza mmoja, na huyo mmoja alibakizwa kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwake. Alilijua hilo, na alitembea barabarani kama mtu anayelijua.

– Filomena anasemaje? aliuliza Athuman huku akimimina. Filomena ndiye mwenye lile duka la intaneti.

– Filomena anabonyeza tu. Disketi naileta mimi, imefungwa kwenye bahasha, naisimamia inaingia, naisimamia inatoka. Yeye hagusi jina la kitu.

– Na kwako kule ofisini, ukiifungua inafunguka?

Ernesti akachomoa karatasi katikati ya rejista. Jana alikuwa amemwambia Filomena aifungue hiyo picha na kuichapa, na hicho ndicho kilichotoka. Karatasi ilijaa herufi juu hadi chini, lakini si herufi za mtu mwenye akili zake: vinukta, vikofia, alama za pesa za nchi nyingine, vijiboksi, na mstari mmoja wa y zilizovalishwa vidoti.

Habakuki aliipokea kwa mikono miwili.

– Wazee, hiki ni Kichina.

– Kichina hakina y, alisema Filemoni.

– Cha siku hizi kinayo. Soko huria hili, kila mtu anachukua anachotaka.

– Lete hapa. Filemoni alivaa miwani, akaitazama karatasi, akaigeuza, akairudisha. Mimi nilikuwa stesheni miaka ishirini na sita. Barua ni kichwa cha treni, sawa? Kiambatisho ni behewa. Kichwa kimefika, behewa limefika limepinduka. Maana yake nini? Maana yake kule njiani wamebadilisha njia kwa pupa. Mtu wa pointi, yule wa kugeuza reli, kalala.

– Angani kuna mtu wa pointi?

– Kila penye njia mbili pana mtu wa pointi, Athuman. Usibishane na mimi mambo ya njia.

– Basi tuulizane hiyo njia, alisema Habakuki, na benchi likajua sasa inakuja. Mmeitazama ile sahani ya kunasia mawimbi iliyoko juu ya bati la Filomena? Inatazama wapi?

– Inatazama Mombo.

– Aha! Na Ulaya iko wapi? Barua ni nyepesi, inaweza kukata kona. Picha ya gia ya chuma, mzee wangu, ina uzito! Inakwenda moja kwa moja huko ilikoelekezwa. Kuna mtu Mombo saa hizi anapokea gia zetu na hajui azipeleke wapi.

– Picha ya chuma haina uzito wa chuma, alisema Ernesti.

– Disketi ilijaa au haikujaa?

– Ilijaa.

– Na barua ilijaza disketi?

– Haikujaza.

Habakuki alifungua mikono kama mtu aliyemaliza kesi. Ernesti alikunywa kahawa yake. Kilichomchoma ni kushindwa na muuza suruali.

– Mimi naona vingine, alisema Athuman. Hizi mashine za wenzetu zina adabu. Unaipa kitu kilichopasuka iende kukionyesha kwa aliyekitengeneza? Inaona haya. Inakifunika.

– Mashine ina haya?

– Kwani ile ya benki pale Tanga si inakataa noti iliyochanika?

Hili lilipokelewa kwa heshima, lilifikiriwa, na likawekwa akiba. Kisha Habakuki akasema lile ambalo benchi lilikuwa linalisema tangu Machi.

– Tusizunguke. Wanatudharau. Tiketi ya mkanda wa mtambo, walifungua picha? Hawakufungua. Tiketi ya visu, walifungua? Hawakufungua. Kile kipuri kilichokuja kimepinda je? Zote wamefunga. Mtu wa Ngombezi akituma picha, wanasema haifunguki. Angetuma mwenzao ingefunguka.

– Hapo umesema, alikubali Filemoni.

– Na mkonge wetu wanauchukua! Nyuzi nyeupe kama za Ngombezi hawazipati popote duniani!

– Hazipatikani, alisema Ernesti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mgongo wake ulinyooka.

Mabishano yalipofika hapo, wote wakiwa wamekasirika kwa pamoja na kwa raha, mwanamke mmoja aliweka mzigo wake chini karibu na jiko. Hakuwa mtu wa benchi. Alivaa shuka la bluu na shanga shingoni hadi kifuani, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la Handeni.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mama. Karibu kahawa.

– Asante. Nangoja basi la kurudi Handeni. Nimeleta ng'ombe mnadani, wameisha wote.

Alisema kwamba anaitwa Nairesiae, akapewa nafasi mwisho wa taruma, akapewa kikombe. Alisikiliza. Habakuki alimweleza jambo zima tangu mwanzo, kwa sababu msikilizaji mpya ni neema, akamwonyesha hadi karatasi ya y zenye vidoti. Nairesiae aliitazama kwa heshima na kuirudisha.

– Mimi sijui kompyuta, alisema. Lakini hiyo picha, juu yake imeandikwa nini?

– Imeandikwa jina lake, alisema Ernesti. Kila kitu kinachotoka kwangu kina jina kamili.

– Jina linasema ni picha?

– Linasema ni barua. Mwishoni lina doc. Huo ndio mkia wa barua za kompyuta, mama. Barua yangu ya kwanza kabisa kwenda Ulaya iliishia na doc, na ilijibiwa kesho yake asubuhi. Tangu siku hiyo nimeweka utaratibu, umebandikwa ukutani: kila kinachotoka kiishe na doc. Ile kamera ya Meneja inayomeza disketi hutoa picha zenye majina ya kihuni, herufi na namba tu, kila moja na mkia wake. Siwezi kutoa kitu ofisini kikiwa hivyo. Nazivalisha sare kwanza.

Alilisema hili kwa fahari, na benchi lilitikisa kichwa kwa fahari, kwa maana hakuna shamba lingine wilayani lenye mtu makini namna hiyo.

Nairesiae hakutikisa kichwa. Alikuwa ameanza kucheka kidogo, akajizuia kwa sababu ya umri wa watu.

– Mwaka jana, wazee, ng'ombe wangu wanne walilala getini siku mbili. Kibali cha kusafirisha mifugo kiliandikwa mbuzi wanne. Yule bwana wa geti akasoma, mbuzi. Akapanda kwenye gari kutafuta mbuzi. Akatazama huku, akatazama huku. Akashuka akaniambia, mama, mbuzi wako wameharibika, siwaelewi. Ng'ombe wamesimama pale wanamtazama! Wazima kabisa, wanene! Lakini yeye kaambiwa mbuzi, basi anatafuta mbuzi.

Athuman alicheka hadi akamwaga kahawa kwenye mkaa. Habakuki alicheka, kisha kicheko kikamkatikia katikati. Filemoni alivua miwani.

– Ikawaje? aliuliza.

– Nikamuuliza swali moja. Nikasema, baba, nani aliandika mbuzi?

Lori la magogo lilipita, likatokomea. Hakuna aliyemtazama Ernesti, na kwa namna hiyo walikuwa wanamtazama wote.

Yeye alikuwa ameshafika ofisini kwake, kichwani. Aliiona siku ile ya kwanza alipobadilisha jina la picha. Mashine ilikuwa imemtolea kijisanduku katikati ya kioo, kwa Kiingereza, na alikisoma vizuri sana maana Kiingereza anakijua: ukibadilisha mkia huu, faili hili huenda lisitumike tena, una hakika? Kwa miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Ernesti kama ana hakika. Alibonyeza ndiyo. Aliibonyeza kwa hasira kidogo, na kila ilipomuuliza tena alibonyeza haraka zaidi.

Angeweza kunyamaza. Habakuki alikuwa tayari anafungua mdomo kurudisha lawama kwenye sahani ya Filomena, na benchi lingemfuata kwa furaha, na saa kumi ingefika. Lakini alifikiria majani yanayooza Ngombezi, na watu waliokaa vibarazani. Alifikiria pia vijana wa masjala aliowafundisha zamani, na jinsi alivyokuwa akiwarudishia karatasi nzima iandikwe upya akiona alama ya raba. Aliona aibu iliyomchoma masikio, kisha akaweka kikombe chini.

– Mimi, alisema. Niliyeandika mbuzi ni mimi.

– Masjala, usijiseme hivyo mbele ya... alianza Filemoni.

– Saa ngapi? alimkatiza Ernesti.

– Nane na dakika arobaini.

Ernesti alinyanyuka kabla birika halijakauka, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akavuka barabara na rejista yake kwapani. Hakukimbia. Mtu wa masjala hakimbii, lakini siku hiyo alitembea kwa namna ambayo watoto walimpisha.

Filomena alikuwa anafuta vumbi kwenye mashine. Ernesti alichomoa kwenye rejista bahasha ya disketi, akaiweka mezani na kusema neno ambalo Filomena amelisimulia mjini mwaka mzima.

– Mama, leo gusa jina. Liondoe nililolitia, lirudishe lake.

– Lake lilikuwaje, baba? Nikiotea tutaharibu zaidi.

Ernesti alifungua rejista. Kulikuwa na safu ya tarehe, safu ya namba, safu ya jina rasmi, na pembeni kabisa, kwa mwandiko mdogo, safu aliyoichora mwenyewe kwa rula: jina la awali, lisilofaa. Alikuwa ameyanakili yote. Karani hatupi kitu, hata kile anachokidharau. Aliweka kidole kwenye mstari, akamsomea herufi moja moja, hadi mkia.

Filomena aliandika. Alibonyeza mara mbili. Kioo kikafikiri, na gia ikatokea, kubwa, ya kijivu, na ufa wake umeipasua kutoka jino hadi tundu la katikati.

– Hii hapa! alisema Filomena. Ilikuwa humuhumu!

– Itume, alisema Ernesti.

Aliporudi benchini ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini, na hakuna aliyekuwa ameondoka. Basi la Handeni lilikuwa limepita. Nairesiae alisema liko jingine. Ernesti alikaa, akatandaza karatasi mpya juu ya goti. Ilikuwa na mistari mitatu tu, yote ya herufi za watu wenye akili zao.

– Soma, Masjala!

– Tiketi 4417. Kiambatisho kimefunguka. Ufa umeonekana, gia mpya inasafirishwa kwa ndege, mtaipata kabla ya Ijumaa ijayo.

Taruma la Filemoni lilipigwa viganja mpaka matofali yakatikisika. Athuman alitangaza kahawa ya bure, akainamisha birika, likatoa nusu kikombe na mashapo. Akampa Nairesiae.

– Kwa hiyo, alisema Habakuki polepole, hawakuwa wanatudharau? Alionekana kama mtu aliyeibiwa kitu alichokizoea.

– Kwa ndege! alisema Filemoni. Wanaileta Ngombezi kwa ndege! Unawezaje kusema wanatudharau?

– Lakini wewe ndiye uliyekubali...

– Na zile nyingine? aliuliza Nairesiae.

– Zipi, mama?

– Mzee amesema kila kinachotoka. Mkanda, visu, na kile kilichopinda. Nazo aliandika mbuzi?

Ernesti aliifungua rejista magotini, akarudi nyuma kurasa mbili, tatu, tano, hadi Machi. Alihesabu kwa midomo. Picha kumi na saba. Tiketi tatu zilizofungwa, miezi minane, na kila siku ya miezi hiyo wamekaa hapa na kuilaani Ulaya.

Alichomoa kalamu nyekundu.

Masjala ina sheria yake juu ya kosa, na Ernesti aliwafundisha watu sheria hiyo kabla baadhi ya wasomaji hawajazaliwa. Kosa halifutwi kwa raba, halichanwi, halibandikwi karatasi juu yake. Linapigwa mstari mmoja mwembamba ili atakayekuja baadaye bado alisome, linaandikwa lililo sahihi pembeni, na mwenye kosa anatia sahihi. Katika rejista zake zote, tangu shamba likiwa la serikali, hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Alikuwa akiwaonyesha wageni usafi huo.

Akaupiga wa kwanza. Akaandika jina la awali, akatia sahihi: Ernesti Shemhilu. Hakufupisha. Akapiga wa pili.

– Meneja ataiona hiyo, alisema Filemoni kwa sauti ya chini.

– Ataiona. Jumatatu nampelekea mwenyewe, na kesho asubuhi naziomba zile tatu zifunguliwe upya. Rejista ni ya shamba, Filemoni. Si yangu.

– Na Tanga?

– Meza ikienda Tanga, iende na rejista iliyo sahihi.

Athuman alikwishamwaga mashapo na kufunika jiko. Birika lilikuwa limekauka, na kwa sheria ya mahali pale kila mtu alikuwa huru kwenda nyumbani. Hakuna aliyenyanyuka. Walikaa wakiangalia kalamu nyekundu inavyoteremka ukurasa, mstari na sahihi, mstari na sahihi, na mwandiko haukutetereka hata kwenye ile ya kumi na saba.

Nairesiae alimwinamia Filemoni.

– Huyu mzee ni nani hasa?

Filemoni alivaa miwani yake, akakaa vizuri kwenye taruma, na kujibu kwa sauti ya kumfikia hata muuza magazeti ng'ambo ya barabara.

– Huyo? Huyo ni karani wetu.